Vipande Vilivyokatwa vya Chumba cha Nne

Nilikuwa nimejipanga kumpokea kama mteja. Nimevaa glavu zangu nyeupe za pamba, nimebana nywele, nimeweka uso wa kazi. Wiki tatu bila kuonana zinatosha mtu kujizoesha. Halafu akaingia, akasimama pale mlangoni, akavua miwani na kuanza kuifuta kwa ncha ya shati, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza wateja wake kutwa nzima. Uso wangu wa kazi ukaniponyoka.

"Unaikwaruza," nilisema.

"Najua."

"Basi acha."

"Nikiacha nitakuangalia wewe. Na tulikubaliana tusiangaliane."

Kweli, tulikubaliana. Mimi humwita Miwani, kwa sababu ni fundi wa miwani na tulijuana siku nilipoikalia ya kwangu. Niliipeleka dukani kwake ikiwa vipande vitatu. Aliitengeneza bure, akaiharibu kidogo makusudi ili nirudi, na alikuja kuniungamia hilo mwaka mzima baadaye, siku aliponiomba nimuoe. Ndiyo, yeye ndiye aliyeomba nimuoe. Alitetemeka akayageuza maneno, nikamwambia nimekubali kumuoa.

Na sasa alikuwa amesimama kwenye chumba changu cha kazi kama mtu aliyeitwa kusaini barua.

"Umesema kwenye simu umeipata," alisema.

"Nimeipata."

"Umeiangalia?"

"Dakika tatu. Halafu nikazima mashine."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu Mama alitokea," nilisema, "na tumbo lake."

Akairudisha miwani usoni. Tukaangaliana, makubaliano yakaishia hapo.

Kazi yangu ni kufufua filamu zilizooza. Kwenye jengo letu kuna makabati ya makopo kutoka sakafuni hadi darini, na mimi ndiye ninayeyafungua, nasafisha, naunga palipokatika. Nilichagua kazi hii kwa sababu ya filamu moja tu, *Mgeni wa Chumba cha Nne*. Ni filamu ya kutisha iliyopigwa kwa vifaa vya kuazima, leo siku moja, mwezi ujao siku mbili, karibu miaka miwili. Ilionyeshwa kwa wiki mbili, ikasahaulika. Baadaye ikafufuka yenyewe. Sasa kuna watu wazima wenye kazi zao wanaokutana kila mwaka kuiangalia, maneno yote wanayo kichwani, na Mgeni anapogeuka kwenye ngazi wao hupiga kelele kabla hajageuka.

Mgeni ni mama yangu. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Wengine wana kanda za harusi na sikukuu za kuzaliwa. Mimi nina mama anayeshuka ngazi na macho meupe. Nimemtazama akitisha watu mara nyingi kuliko nilivyowahi kumtazama akipika.

Mwezi uliopita Miwani alinipeleka kwao kunitambulisha. Mama yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, alinipokea vizuri kabisa, akanikalisha ubavuni mwake. Halafu Miwani, kwa furaha zake, akaropoka kwamba mama yangu ndiye Mgeni. Yule mama akaweka kikombe mezani polepole. Akaingia chumbani, akarudi na picha.

Nazijua picha zote za filamu ile, lakini hiyo sikuwahi kuiona. Mama yangu amesimama katika gauni refu, tumbo limemtangulia, tumbo la miezi minane hivi. Mbele yake amepiga magoti mwanamume mwenye futi ya fundi cherehani shingoni. Ameegemeza sikio kwenye tumbo lile, amefumba macho, anatabasamu. Mwanamume huyo ni marehemu baba yake Miwani. Yeye ndiye aliyeshona mavazi yote ya *Mgeni*.

"Hii niliikuta kwenye sanduku lake wiki ya msiba," mama yake alisema. "Kwenye filamu ile hakuna mjamzito. Nimeiangalia mara sita, namtafuta mjamzito, hayupo. Basi hii si filamu. Mume wangu nilimjua, hakuwa mwongo, ndiyo maana picha hii iliniua. Nimekaa nayo miaka saba. Sasa unaniletea binti wa mwanamke huyu, nimepiga hesabu, na hesabu inaniletea jibu moja."

Akaiangalia pua yangu, kisha akaiangalia ya mwanawe. Sitaisahau safari ile ya macho.

Miwani alitaka tukapime damu. Nikakataa. Damu ingejibu swali letu, lakini ingejibu na swali ambalo Baba yangu hajawahi kuliuliza. Baba ni mwalimu wa udereva. Alinilea peke yake. Alijifunza kusuka nywele kwenye kichwa cha mwanasesere wangu ili asinivute mimi. Sikuwa tayari kumpelekea karatasi ya maabara. Basi tukaachana, bila kosa, na kuachana kwa namna hiyo kunauma vibaya mno, maana huna hata mtu wa kumkasirikia.

Kilichobaki kilikuwa makopo mawili. Niliyapata kwa mzee aliyehariri filamu ile, wenyewe tunamwita Mzee Mkasi. Yalikuwa na vipande alivyovikata na tepe zake za sauti. Nilimwuliza kuna nini ndani.

"Mimi nilikata tu, binti yangu," alisema. "Niliambiwa katia hapa, nikakatia hapa. Kilichoanguka chini sikukiangalia mara mbili."

Kopo la kwanza lilinuka siki hadi nikafungua madirisha yote. Filamu ilikuwa imeshikamana ikawa tofali. La pili lilikuwa na uhai. Siku kumi na moja nimelilainisha, nimelisafisha, nimeziba matundu yake ya pembeni moja baada ya jingine.

"Lakini subiri," Miwani alisema, akavuta kiti. "Kama tumbo lipo kwenye filamu, basi ilikuwa ni filamu! Si ndiyo?"

"Au alikuwa mjamzito kweli wakati wanapiga," nilisema, "na ndiyo maana wakakata."

Alikuwa hajalifikiria hilo. Mimi nilikuwa nalo tangu jana mchana.

"Unataka tuangalie?" aliuliza.

"Nimekuita kwa sababu hiyo. Peke yangu siwezi."

"Na tukiona tusichotaka?"

"Utaniachia miwani ya akiba, maana sitarudi dukani kwako tena."

Alijaribu kucheka. Mlango ukagongwa, na kabla sijaitikia ukafunguliwa. Mama yake alikuwa amesimama pale, mkoba mkononi, anahema kwa ajili ya ngazi zetu.

"Shikamoo, Mama," nilisema.

"Marahaba." Alijibu akiwa anaangalia makabati. "Nimekuja kumchukua mwanangu. Alipokea simu, akatoka kifungua kinywa kikiwa mezani. Nikajua tu ni huku."

"Mama, mimi nina miaka thelathini na mbili," Miwani alisema.

"Nilikuwepo ulipozaliwa, usinihesabie."

"Mama," niliingilia, "kuna kipande cha filamu ambacho hakuna aliyekiona. Mama yangu yumo, na tumbo lake limo. Mimi mwenyewe sijaona mwisho wake. Nakuomba ukae."

Sasa aliniangalia. Nilitegemea hasira. Nikaona mwanamke aliyechoka, aliyeibeba picha moja miaka saba na hajui aiweke wapi.

"Una hakika unataka kuona?" aliuliza.

"Sina."

Hilo nadhani ndilo lililomkalisha. Miwani alimpa kiti chake, yeye akasimama nyuma yangu. Mama yake, yule mwalimu, akafungua mkoba, akatoa ile picha, akaiweka mezani pangu, karibu na mashine. Kumbe hutembea nayo.

Meza yangu ya kuangalizia filamu ina sahani mbili za kuzungusha na kioo kidogo katikati. Filamu za aina hii picha huwa huku, sauti huwa kule kwenye utepe wake. Ili vikutane, unatafuta pale mtu anapofunga kibao cha kuanzia, mbao mbili zinazogongana, mbele ya kamera. Picha ya kibao kufunga na mlio wake vikigongana, mengine yote yanafuata. Jana niliangalia bila sauti. Leo nikauweka utepe, nikatafuta mlio, nikaurudisha nyuma kidogo. Kidole kikabaki juu ya swichi.

"Pumua," Miwani alinong'ona.

"Napumua."

"Hupumui."

Nikapumua, nikawasha.

Mlango. Ngazi. Kibao kikafunga, *tak*, sawasawa. Kisha Mama akatokea juu ya ngazi katika gauni refu, tumbo mbele, mkono mmoja ukutani. Akashuka daraja moja, la pili. Kwenye daraja la tatu akasimama, na tumbo lake likacheza. Lilisukumwa kutoka ndani, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kama kuna kitu kinatafuta njia ya kutoka. Nimekulia kwenye filamu za kutisha lakini nywele zilinisimama.

"Yesu na Maria," mwalimu alisema.

"Kata!" sauti ya mwanamume ilipaza kwenye utepe. "Mbona limeacha? Fundi! Limeacha kucheza!"

Na hapo akaingia. Kijana mwembamba, futi shingoni, anakimbia huku ameinama. Nyuma yangu nilimsikia Miwani akivuta pumzi. Yule kijana akapiga magoti mbele ya mama yangu, akaegemeza sikio tumboni, akafumba macho, akatabasamu. Kioo kikawa cheupe kwa nukta moja. Mtu fulani pembeni alikuwa amepiga picha kwa taa.

Nilisimamisha mashine. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mkunjo wa mkono wa gauni, futi ilivyoning'inia, kivuli cha ngazi, kila kitu kilichokuwa kwenye kioo kilikuwa pia kwenye picha iliyolala mezani.

"Endelea," mwalimu alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka.

Nikaendelea.

"Inatembea," baba yake Miwani alisema ndani ya utepe, sikio bado liko palepale. "Naisikia. Tik, tik, tik. Ni ile waya tu imefyatuka. Nipe dakika."

"Dakika yako ya ngapi hiyo?" ile sauti ya kwanza iliuliza.

"Fundi, fanya haraka," alisema mama yangu. Mama yangu! Sauti yake ya kawaida, ya mtu aliyechoka kusimama. "Mwalimu wangu wa gari anakuja kunichukua saa kumi. Harusi wiki ijayo, akinikuta na tumbo hili ataanguka chini, na mimi nitaolewa na nani?"

Watu wakacheka huko nyuma ya kamera. Mimi nilijiziba mdomo kwa glavu.

Kisha ikalia. Kengele, ndani ya tumbo, kali, ndefu, ya kuamshia ukoo mzima. Mama aliruka. Kamera nayo iliruka. Baba yake Miwani aliangukia makalio, akabaki amekaa sakafuni mikono juu, na mama yangu akalishika tumbo lake linalopiga kelele, akapaza sauti, "Mtoto ameamka!" halafu akacheka.

Sijui nilieleze vipi. Kilikuwa kicheko cha kuinama, cha kushika ukuta, chenye mkoromo mdogo katikati. Mimi nacheka hivyohivyo. Maisha yangu yote shangazi zangu wamenisema kwa mkoromo ule, wakidai sijui nimeutoa wapi.

"Basi! Basi!" mwongozaji alikuwa anafoka. "Siku ya tatu hii, kila tukianza inalia! Naifuta mimba! Sikilizeni wote, kwenye filamu hii hakuna mimba tena! Fundi, litoe hilo dude!"

Baba yake Miwani akainuka akijifuta suruali, akafungua vifungo vya gauni mgongoni na kulivua tumbo lote kwa mikono miwili. Lilikuwa la sponji na kitambaa, na vijiti viwili vya waya. Mwanamke aliyebaki alikuwa mwembamba kama ufagio, gauni limemlegea kila upande. Fundi akatia mkono ndani ya sponji, akachomoa saa ya mezani iliyokuwa ikivisukuma, ya kengele mbili juu, bado inalia, akaipigapiga kichwani hadi ikanyamaza. Akageuka akaona kamera haijazimwa.

"Ndugu zangu," alisema, akiielekea kamera moja kwa moja, na saa ameikumbatia kifuani, "hili liishie hapa. Hii saa ni ya mke wangu. Nimemwambia imeibiwa dirishani. Akijua nimeitia tumboni mwa mtu, mimi nyumbani silali. Mnanisikia? Yule mwanamke nampenda, na namwogopa."

Filamu ikaisha. Ncha yake ikabaki inapiga sahani, *tapu tapu tapu*, na hakuna aliyekumbuka kuizima.

Niliogopa kugeuka. Nilipogeuka, mwalimu alikuwa ameziba uso kwa viganja na mabega yanamtikisika. Miwani alimchutamia.

"Mama. Mama, pole. Mama, usilie."

"Nani analia?" Aliondoa viganja. Alikuwa analia, na alikuwa anacheka, vyote kwa mpigo. "Saa yangu! Mwizi mkubwa we! Saa yangu nyekundu, niliyopewa na mama yangu siku ya harusi! Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta sikumsalimia miaka mitatu kwa ajili ya saa hiyo! Mtoto wake alikuwa amepita dirishani!"

"Baba alisema imeibiwa?" Miwani aliuliza.

"Akanisaidia na kuitafuta! Akainama chini ya kitanda na taa!" Alijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Na mimi nasema mume wangu hakuwa mwongo. Alinidanganya! Alinidanganya kuhusu saa!"

Sikuwahi kumwona mtu akifurahi hivyo kugundua kwamba alidanganywa.

Kisha akanigeukia. Ualimu ulimrudia usoni.

"Wazazi wako walioana lini?"

Nikamtajia tarehe.

"Na wewe ulizaliwa?"

"Miezi kumi na minne baada ya hapo. Baba hupenda kuisimulia, anasema niliwachelewesha."

Alihesabu kwa vidole kwenye goti lake. Aliwaangalia wale watu wawili kwenye picha, akahesabu tena. Mimi na Miwani tulisimama kama wanafunzi wanaosubiri daftari.

"Hesabu imekataa," alisema hatimaye. "Miaka saba nimefanya hesabu ya makosa. Ningekuwa mwanafunzi wangu, ningejipa sifuri." Akaushika mkono wangu, glavu na vyote. "Nimekutesa, binti. Nimemtesa mwenzangu aliyeko kaburini, na mwingine ambaye sikumjua. Nisamehe."

"Hata mimi niliogopa, Mama. Jana nilizima mashine."

"Lakini leo umeiwasha."

Simu yangu ikaita mfukoni. Alikuwa Baba, hunipigia kila adhuhuri kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine.

"Umekula?" aliuliza, kama kawaida yake.

"Bado, Baba."

"Mbona sauti hivyo? Umelia?"

"Nimecheka. Baba, siku fulani ulimfuata Mama mahali wanapopiga filamu, saa kumi, wiki moja kabla ya harusi. Unakumbuka?"

Akafikiri. Nyuma yake nilisikia mtu akilazimisha gia.

"Nakumbuka alitoka anacheka, hajiwezi," alisema. "Nikamwuliza nini, akasema ni siri ya fundi. Mpaka anaondoka duniani hakuniambia. Kwa nini?"

"Njoo jioni kazini kwangu. Nina kitu cha kukuonyesha. Na kuna watu nataka uwajue."

"Watu gani?"

Nilimwangalia Miwani. Alikuwa ameivua tena miwani yake, anaifuta kwa shati, macho mekundu, na safari hii sikumkataza.

"Wakwe zako, Baba," nilisema.

Nilipokata simu Miwani alinijia mbele ya mama yake bila aibu, akanivua glavu moja, akaushika mkono wangu mtupu. Wiki tatu. Kiganja chake bado kilikuwa na ule ugumu wa bisibisi ndogo kwenye kidole gumba. Nilisikia kitu kifuani kikikaa mahali pake.

"Bado utanioa?" aliuliza.

"Nilishasema nitakuoa. Sirudii maneno."

"Mnipishe kidogo na mapenzi yenu," mwalimu alisema, akivuta kiti chake karibu na kioo. "Na siku ya harusi nataka saa. Nyekundu, ya kengele mbili. Bila hiyo simtoi mwanangu."

"Utaipata, Mama."

"Vizuri. Sasa rudisha pale anaposema ananipenda na kuniogopa."

"Ni mwisho kabisa. Kabla yake kuna mama yangu anacheka."

"Basi anzia hapo, mkwe wangu," alisema. "Tumsikilize na yeye."

Nilirudisha filamu kwa mkono mmoja hadi kengele inapolia. Ule mwingine Miwani alikuwa bado ameushika.